Jiriwa ya Babu na Rika Lake

Jiriwa ya babu iliacha kuuma mwishoni mwa mwaka 2021. Unazungusha mpini, parafujo inageuka vizuri, lakini taya hazikazi. Kakangu aliitazama akasema, "Hii sasa ni kilo." Alimaanisha kwamba thamani iliyobaki ni ile ya mizani ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambaye hupita kwetu kila baada ya wiki mbili na mkokoteni wake.

Hiyo ni jiriwa ya mguu, ile ya wahunzi. Ina mguu mrefu unaoshuka hadi ardhini, na mguu huo ndio unaopokea kishindo cha nyundo. Jiriwa nyingi za siku hizi, zile za kufungwa juu ya meza, ni za chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Ukizipiga nyundo vile mhunzi anavyopiga, zinapasuka. Ya babu ni ya chuma kilichofuliwa. Ilishika majembe, panga, tezo za wachongaji na kengele za ng'ombe kwa zaidi ya miaka hamsini, katika kibanda chetu nje kidogo ya mji wa Kitui. Karo ya baba yangu, na baadaye yangu, ilipitia katikati ya taya hizo.

Uhunzi si mgeni hapa. Wazee husema hata jina la Kitui linatokana na kazi hiyo, kwamba ni mahali pa kufulia chuma. Zamani wahunzi wa Kikamba walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma kwenye vijito baada ya mvua, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto ya ngozi. Hawakuwa na inchi wala sentimita. Kitu kilipimwa kwa mwenzake: tezo kwa mpini wake, pete kwa kidole cha mwenyewe. Kikiharibika, unamrudia aliyekifua ama mwanawe.

Tusidhani Uingereza ilikuwa tofauti sana. Hadi mwaka 1841, Joseph Whitworth alipopendekeza kipimo kimoja cha hesi za bolti, karakana za huko zilikuwa zikikata hesi kila moja kwa namna yake. Bolti ya huku haikuingia kwenye nati ya kule. Whitworth alihesabu hesi kwa inchi, na inchi hiyo ndiyo iliyokuja kwetu na reli.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Katika nchi ambayo leo ni Makueni ilipita Kibwezi, Makindu na Emali. Waliletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, wakiwemo mafundi wa chuma na mbao, wengi wao Makalasinga kama tunavyowaita. Hekalu lao la Makindu lilijengwa mwaka 1926 na hadi leo msafiri yeyote hupewa chakula pale bila kulipa. Babu alituambia kwamba jiriwa aliinunua Makindu kwa fundi mmoja wa Kihindi, ikiwa tayari mtumba, akaileta Kitui.

Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, baada ya watu kuhujumu nguzo za umeme. Mkokoteni ukapotea barabarani. Nikaona nimepewa muda, ingawa sikujua ni muda gani.

Nilifungua jiriwa. Parafujo ilikuwa nzima, hesi zake za mraba bado zina kona. Iliyokufa ni nati, lile bomba nene ambalo parafujo huingia ndani yake. Hesi za ndani zilikuwa zimelika zikabaki laini kama koo la chupa. Madukani waliniuzia maneno tu: nunua mpya. Nikaipeleka kwa fundi kijana mjini mwenye mashine mpya ya kukereza chuma. Alipima, akapima tena.

"Kutoka hesi hadi hesi ni milimita 6.35," akasema. "Mashine yangu inakata 6, ama 7. Hiyo yako sina."

Hiyo 6.35 ni robo inchi. Mtu anaweza kudhani tofauti ya theluthi moja ya milimita si kitu, lakini hesi hujumlisha makosa. Ukifika hesi ya kumi umekosea milimita tatu na nusu, na parafujo ilishagoma zamani. Kuna dawa yake. Tangu mwaka 1959 inchi moja imekubaliwa kuwa milimita 25.4 kamili, maana yake inchi tano ni milimita 127. Ukiweka gia ya meno 127, mashine ya milimita inaweza kukata inchi bila kukosea. Gia hiyo ni mkalimani. Mashine ya yule kijana haikuja nayo.

Akanishauri atengeneze parafujo na nati zote mbili upya, kwa milimita. Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini bei ilikuwa zaidi ya mara mbili, na sikutaka kutupa parafujo ambayo haijakosa.

Basi nikaifunga parafujo na nati yake kwenye gunia nikapanda matatu, Mutomo, Ikutha, hadi Kibwezi. Kondakta aliupapasa mzigo akauliza kama nimebeba bunduki. Kutoka Kibwezi nikaunganisha hadi Makindu, nikauliza fundi mkongwe ni nani. Nilielekezwa kwa mzee aliyejifunza kazi akiwa kijana chini ya fundi Kalasinga. Mashine yake ya kukereza ni ya Kiingereza, imezeeka kumliko.

Hakuchukua kaliper. Aliweka rula ya chuma juu ya parafujo, akahesabu kwa ukucha. "Moja, mbili, tatu, nne. Nne kwa inchi." Akacheka. "Kijana wangu, hii na mashine yangu ni rika moja. Zinaongea bila mkalimani."

Alichagua kipande cha shaba kutoka kwenye bushi kuukuu. Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini si chuma?" Akanijibu kwamba vitu viwili vikisuguana lazima kimoja kife, na ni heri ife nati, maana ni rahisi kuitengeneza kuliko parafujo. Alitoboa, akapanua tundu, kisha akakata hesi za ndani kidogo kidogo, akisimama kila mara kujaribu parafujo. Ilichukua siku mbili.

Nikiwa nangoja nilifikiria reli mbili zinazopita Makueni. Ile ya Mwingereza ina upana wa mita moja kamili, lakini ilijengwa na watu waliofikiri kwa inchi. Ile ya Wachina, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na watu wanaofikiri kwa milimita, lakini upana wake wa milimita 1,435 ni futi nne na inchi nane na nusu za Mwingereza. Kipimo kikishaingia kwenye chuma hakitoki upesi.

Nilipokuwa nalipa niliisifu mashine yake. Mzee aliipangusa mafuta kwa kitambaa. "Watoto wangu wako Nairobi," akasema. "Wameshaniambia. Nikienda, hii ni kilo."

Maneno yale yale ya kakangu. Njiani kurudi hayakuniacha. Nilikuwa nimeenda Makindu nikidhani naokoa kifaa kimoja. Lakini jiriwa imepona kwa sababu kuna mashine ya rika lake ambayo haijauzwa, na mtu anayejua kuhesabu kwa ukucha. Kila mashine ya inchi inayopandishwa mizani inaacha yatima wengi vibandani ambao hatuwajui. Marufuku ile ilizungumzia nguzo na nyaya. Hakuna aliyezungumzia karakana.

Jiriwa iliuma tena. Kakangu aliifunga kipande cha chuma cha springi ya gari, akaning'inia kwenye mpini, akakubali kwa kichwa. Miezi michache baadaye marufuku iliondolewa, na mkokoteni ukarudi. Kakangu alitoka kumwambia yule mnunuzi kwamba hatuna kitu. Kisha akaingia ndani akaniuliza, "Huyo mzee wako alitengeneza nati moja tu?"

Siku ya pili alifungua parafujo mwenyewe, akaomba lile gunia, akaenda Makindu. Nati ya pili inaning'inia kwenye msumari juu ya jiriwa, imepakwa grisi. Chini yake kakangu ameandika ukutani kwa rangi: hesi nne kwa inchi, za mraba.