Jirani wa uani (mbinu ya usimulizi)

Jirani wa uani ni mbinu ya kutunga vichekesho na tamthilia za familia. Nyumba mbili hutenganishwa na ua mmoja, na kila kisa huanza pale mtu anapouvuka ua huo: kaja kuazima chumvi, kaja kulalamikia mbuzi, kaja kumfuata mtoto aliyekwenda kucheza akasahau kurudi. Katuni za familia zimeitumia kwa zaidi ya miaka 60. Lakini mahali ambapo mbinu hii ilipewa kazi ngumu hasa ni redioni, mjini Bujumbura, Burundi, kuanzia mwaka 1997.

Katika katuni, mfano wa awali unaojulikana zaidi ni The Flintstones, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 30 Septemba 1960. Wanaotazama kwa Kifaransa, kama wengi wa Bujumbura, wanaijua kwa jina la Les Pierrafeu. Fred na Wilma wanapakana na Barney na Betty. Waume wanapanga hila, wake wanaigundua, jioni wote wanacheka. Ilitungwa kwa ajili ya watu wazima na ikarushwa usiku. Watoto ndio walioichukua ikawa yao. Mwisho wa vipindi unakumbukwa kwa tukio moja. Fred anamtoa paka nje akalale huko, paka anarudi kwa kupitia dirishani, anamtoa Fred mwenyewe, na mlango unafungwa. Fred anaupiga ngumi huku akimwita mkewe kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mtoto hucheka kwa sababu anajua kesho mlango utakuwa wazi.

Kicheko hicho kinategemea mbinu nyingine, pacha wa ile ya kwanza: kisa kurudi mwanzo. Katuni ya familia haiweki kumbukumbu. Gari lililovunjika leo ni zima kesho, ugomvi hauachi kovu, na watoto hawakui. Bart wa The Simpsons ana miaka 10 tangu 1989. Faida yake ni kubwa, kwani mtoto anaweza kuingilia kipindi chochote bila kuuliza kilichopita. Hasara yake ni kwamba hakuna anayelazimika kusamehe, maana hakuna anayekumbuka alichokosewa.

Nchini Burundi ua una historia yake. Warundi wa zamani hawakukaa katika vijiji vya nyumba zilizokusanyika pamoja. Kila familia ilikuwa na urugo wake, yaani boma lililozungushiwa ua, katika kilima chake. Moto ukizimika jikoni, mtu alikwenda kuomba kaa kwa mwenzake, na Kirundi kina kitenzi maalumu kwa tendo hilo: kurahura. Jirani ni umubanyi, neno linalotokana na kubana, kuishi pamoja. Kwa hiyo kukosana na umubanyi hakukuwa jambo dogo. Kungeweza kumaanisha kulala bila kupika.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikatumbukia katika vita. Bujumbura ikagawanyika mtaa kwa mtaa: Kamenge wakabaki Wahutu, Ngagara Watutsi, na watu wakahama usiku wakiacha masufuria mekoni. Mwaka 1994, katika nchi ya jirani ya Rwanda, ilionekana redio inavyoweza kuchochea mauaji. Mwaka uliofuata shirika la Search for Common Ground lilianzisha mjini Bujumbura Studio Ijambo, ambako Wahutu na Watutsi walitengeneza vipindi pamoja. Ijambo kwa Kirundi ni neno.

Humo ndimo ilimotoka Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia. Mtunzi wake, Marie-Louise Sibazuri, ni mwandishi wa tamthilia na msimulizi. Aliweka familia mbili, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, nyumba kwa nyumba, na mchezo ukaendelea kwa zaidi ya vipindi 700. Msuko ni uleule wa akina Fred na Barney. Lililobadilika ni kumbukumbu: katika mchezo wa mfululizo, neno lililosemwa linabaki limesemwa. Nao mlango unaofungwa usiku, kwa msikilizaji wa Bujumbura wa miaka ile, haukuwa kichekesho. Kumfanya msikilizaji huyohuyo acheke na majirani wale, na kesho awatafute tena kwenye redio, ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko uliyopata.

Redio haina picha ya ua. Ua hujengwa kwa umbali wa sauti. Mwigizaji anayebisha hodi akiwa hatua nne nyuma ya kipaza sauti yuko nje. Akisogea na sauti ikanenepa, ameingia. Akinyamaza katikati, msikilizaji anamwona amesimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu, hajui kama atakaribishwa.

Tamthilia za redio za Afrika Mashariki zilijifunza pia kwa Miguel Sabido wa Meksiko, ambaye katika miaka ya 1970 aliwapanga wahusika katika makundi matatu: mwema, mbaya, na yule anayesitasita. Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993, ilikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, na mkewe Tunu aliyebadilika hatua kwa hatua. Anayesitasita ndiye anayeshika mioyo, kwa kuwa msikilizaji husitasita naye.

Katika visa vya namna hii mjanja naye hakosekani. Burundi ina sungura Bakame na ina Samandari, mtu wa jibu la papo kwa papo anayewaumbua wakubwa kwa maneno tu. Wapenda vitabu wa Bujumbura wameliita kundi lao kwa jina lake. Katika katuni za familia nafasi hiyo hupewa mtoto, anayejua jambo ambalo wazazi wamelikosea.

Katika katuni za kwetu, Akili and Me ya Ubongo, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2016, imechukua njia nyingine. Akili ana miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Kilimanjaro, na akilala huingia nchi ya ndoto anakojifunza pamoja na wanyama. Majirani zake ni hao. Katuni hii imepata sauti za Kinyarwanda, ambacho mtoto anayezungumza Kirundi hukielewa bila shida.

Huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, nyumba nyingi zina ua mmoja wa ndani wenye milango ya wapangaji kadhaa. Katuni ikianza, watoto huenda kwenye mlango ambao televisheni yake inawaka, na kandambili zao hubaki kizingitini, za nyumba tatu au nne zikiwa zimechanganyika.