Utani wa Njia ya Msafara

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo walipita nchi za watu wasiowajua, wakihitaji maji, chakula na, mwenzao akifa, kaburi. Naamini hali hiyo ndiyo iliyoupa nguvu utani wao na Wazaramo wa pwani: mgeni alipata haki ya kuzungumza na mwenyeji mambo mazito kabla hawajajuana. Ushahidi ulio wazi zaidi ni msibani. Mtani humwiga marehemu, hutaja ubahili na madeni yake mbele ya wafiwa, huzuia shughuli mpaka apewe chochote; naye ndiye anayeshika jembe kaburini na kuwahimiza waliofiwa wale. Wako wanaosema chanzo cha utani ni vita, na kwa Wangoni, waliopigana na majirani wengi, hoja hiyo ina uzito. Lakini vita vinaeleza kwa nini watu walipatana, havielezi kwa nini walizikana. Wengine huona maneno ya mtani msibani ni matusi tu. Sikubali: ndugu wa marehemu walifungwa mdomo na heshima, na deni lililomsumbua mjane lilimhitaji mtu wa mbali wa kulitamka hadharani, bila kuleta ugomvi.