Nani alitoa kopi ya mkanda huu?

Jamani, nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Si uvivu. Nilikuwa nasoma mkanda wa video. Naam, kusoma, maana kuutazama nimeutazama tangu nikiwa mdogo.

Mkanda wenyewe ni wa harusi ya mjomba, Dar es Salaam, mwaka 1991. Ndani yake yumo bibi, mama yake mama, aliyefariki 1993. Ndiyo video pekee ya bibi tuliyo nayo. Tatizo ni moja: bibi hana uso. Siku ile alijitanda kanga nyekundu, na kila kamera ikimsogelea, wekundu unamwagika mpaka shavuni. Sauti yake unaisikia, anacheka, anaita watu kwa majina, lakini usoni ni doa.

Mama miaka yote anasema huo ndio mkanda wenyewe, orijino, na kwamba video za zamani ndivyo zilivyo. Mimi nikawa nawaza hivi: kama ni kopi, basi mahali fulani kuna mkanda mwingine, na kwenye huo bibi ana uso. Kwa hiyo swali likawa: nani alitoa kopi, na lini?

Historia kidogo kwanza. VHS ilitolewa na kampuni ya JVC huko Japani mwaka 1976. Mwaka uliofuata, Mmarekani Andre Blay wa Magnetic Video alipata haki ya kuuza filamu 50 za 20th Century Fox kwenye kanda, na biashara ya sinema za nyumbani ikaanza kwa kishindo. Wenzetu walikuwa na vyumba vilivyojaa deki: moja inacheza, mamia zinarekodi. Kwetu ilikuwa deki mbili na waya. Filamu ya saa tatu ilichukua saa tatu kurudufu, na umeme ukikatika unaanza upya.

Tena kwetu kiu ilikuwa kubwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara hatukuwa na kituo hadi 1994. Kabla ya hapo, mtu wa Dar aliyenunua runinga aliinunua kwa ajili ya deki. Filamu nyingi za Kihindi zilitufikia kupitia nchi za Ghuba, ndiyo maana tulimtazama Amitabh Bachchan akipigana huku matangazo ya maduka ya Dubai yakipita chini ya miguu yake. Duka la kukodisha kanda lilipata moja, likatoa kopi, na duka la mtaa wa pili likatoa kopi ya kopi. Baadaye akaja Lufufu, aliyetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa kuweka sauti yake juu ya ile ya waigizaji. Kanda zake hazihitaji upelelezi, maana sauti ndiyo saini yake. Kanda nyingine zote ni bubu. Lazima uzihoji.

Basi nikauhoji wa kwetu.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa juani siku zote. Harusi inapoanza, pembeni mwa kioo kunatokea neno PLAY kwa sekunde chache. Nilidhani ni deki yetu. Nikaucheza kwenye deki ya jirani, isiyoonyesha maandishi yoyote, na neno likatokea vilevile. Maana yake limerekodiwa. Mtu alibonyeza PLAY kwenye deki nyingine, na deki hiyo ikajiandika ndani ya harusi ya mjomba.

Wa pili ni ile rangi. VHS huhifadhi rangi kwa ufinyu kuliko mwanga, na nyekundu ndiyo huumia zaidi. Kila unapotoa kopi, rangi hufifia na kusogea kidogo kutoka kwenye umbo lake. Wekundu wa bibi umesogea. Haukusogea siku ya harusi, umesogezwa na kopi.

Wa tatu ni urefu. Kasha limeandikwa E-180, yaani dakika 180 kwa mfumo wa PAL tunaoutumia sisi. Lakini harusi ni ya saa tatu na nusu! Imewezekana kwa sababu imerekodiwa kwa LP, mwendo wa nusu, ambao huongeza muda mara mbili na kupunguza ubora. Fundi wa harusi anayelinda jina lake harekodi hivyo. LP ni ya mtu anayebana matumizi. Nikaanza kuhisi kwamba orijino ilikuwa kanda mbili.

Wa nne ndio ulionifanya niruke kitini. Harusi inapoisha, usizime. Zinafuata sekunde kama ishirini za taarifa ya habari yenye nembo ya ITV, halafu inaingia Maine Pyar Kiya, filamu iliyotoka mwishoni mwa 1989, pamoja na matangazo yake ya Dubai. Kanda ina tabaka kama udongo. Chini kabisa ni filamu, juu yake habari, na juu ya habari harusi. ITV ilianza 1994. Kwa hiyo harusi hii iliingia kwenye mkanda huu mwaka 1994 au baadaye, angalau miaka mitatu baada ya mjomba kuoa. Mama, samahani, si orijino.

Ikabaki nani. Kwenye kasha kuna stika ya duka moja la kukodisha kanda, na namba ya simu inayoanzia 0744. Vodacom waliingia nchini mwaka 2000, na namba hizo zilibadilishwa kuwa 0754 katikati ya muongo ule. Hivyo stika ilibandikwa kati ya hapo, nami nikafunga kesi kichwani: duka lilichukua kanda yetu nzuri, likaturudishia kopi. Nusura niandike makala ya hasira.

Lakini stika inaonyesha ilipobandikwa yenyewe tu, haisemi mkanda ulirekodiwa lini. Nikaibandua taratibu kwa mvuke wa birika. Chini yake, kwa kalamu ya bluu: "Harusi ya Kaka, ya kubaki nyumbani." Mwandiko naujua. Ni wa mama mdogo.

Nikampigia. Akacheka sana. Mwaka 1996 dada yake bibi, aliyekuwa akiishi Maskati, aliomba video ya harusi ambayo hakuweza kuhudhuria. Mama mdogo akaazima deki ya pili kwa jirani, akachukua mkanda wa filamu usio na mwenyewe, akarudufu usiku kucha. Wao wakabaki na kopi, kanda mbili za fundi zikasafiri. "Mtu wa mbali ndiye hupewa kilicho kizuri," akaniambia. Na stika? Kanda ilipelekwa dukani kusafishwa, basi. Wale watu nimewasingizia miaka yote.

Kanda zote mbili zilikuwa bado Maskati, kabatini, zimefungwa kwa kitambaa. Binamu wa mama akaziingiza kwenye kompyuta na kututumia. Juzi tulikaa sebuleni na mama. Bibi akaingia, kanga nyekundu ikiwa ndani ya mipaka yake, na juu ya kanga kuna uso. Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe alikuwa na mwanya."

Nawaomba kitu kimoja. Funai, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, kiliacha mwaka 2016, na unyevu wa pwani yetu unazipandisha kanda ukungu mweupe. Ukiuona, usiuchomeke mkanda kwenye deki, mpelekee fundi kwanza. Na kabla ya kutupa kasha, soma kila kilichoandikwa, tazama hadi baada ya mwisho, halafu wapigie mama wadogo wote. Wengine wanajua kanda nzuri ilikwenda wapi, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.