Bango la Reli na Tovuti ya Taifa

Tovuti za utalii za mataifa yetu husifiwa au kulaumiwa kwa picha zake. Ukitazama historia ya kujitangaza Afrika Mashariki, utaona kwamba picha hazijawahi kuwa haba. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, iligharimu fedha nyingi huku mizigo ya kusafirisha ikiwa michache. Ikawafuata matajiri wa Ulaya kwa mabango yaliyojaa wanyama. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuja kuwinda, akaketi kwenye benchi mbele kabisa ya kichwa cha treni ili aone wanyama vizuri. Maandishi yake yakawa tangazo lisilolipiwa hata senti. Hata hivyo, nguvu ya bango haikuwa kwenye twiga aliyechorwa. Aliyetangaza ndiye aliyekuwa na treni, meli za ziwani na ratiba, na ndiye aliyekata tiketi. Kutoka kutamani hadi kusafiri palikuwa na dirisha moja tu.

Dirisha hilo baadaye liligawanyika, na Tanzania ni mfano mzuri. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ikapewa mamlaka yake, ili wafugaji wa Kimaasai waliotolewa Serengeti waendelee kuishi humo pamoja na wanyamapori. Leo anayetoka Arusha kwenda Serengeti kwa kupitia Ngorongoro hulipa kwa taasisi mbili, moja ya Ngorongoro na nyingine ya hifadhi za taifa. Viza ni ya Uhamiaji, Zanzibar ina kamisheni yake ya utalii, na Bodi ya Utalii hutangaza vivutio hivyo vyote bila kumiliki lango hata moja. Tovuti ya taifa imerithi bango lakini haikurithi karani wa tiketi. Ndiyo maana inaweza kupendeza kuliko zote na bado isimfikishe mtu popote.

Atatokea wa kusema kwamba reli ile ilikuwa chombo cha wakoloni, na kwamba mabango yake yaliuza ardhi ya watu kana kwamba haina wenyewe. Ni kweli, na inashangaza kwamba hilo la kuwaficha watu nyuma ya wanyama ndilo tulilolishika kwa uaminifu zaidi. Hoja nzito ni ile ya mawakala wa safari: wao huunganisha vibali, magari na hoteli, kwa hiyo serikali isiwaingilie. Lakini wakala humhudumia anayemudu kumlipa. Mwalimu wa Dodoma anayetaka kuwapeleka wanafunzi hifadhini hulipa kiingilio cha raia, kilicho kidogo mno kuliko cha mgeni, na safari yake haina faida kubwa kwa wakala. Yeye anahitaji ukurasa mmoja wenye ada za mamlaka zote mbili, zinazosahihishwa kila zinapobadilika, kwa Kiswahili. Kazi hiyo haimnyang'anyi wakala mteja, wala haihitaji kuvunja mipaka ya 1959. Inahitaji taasisi hizo zikubali kupeana taarifa.