Uko na Hatimiliki ama Uko na Barua?

Mtu wa Kebirigo akikuambia ako na ploti sokoni, muulize swali moja: uko na hatimiliki ama uko na barua? Hiyo tofauti imepeleka wengi kortini, na kuielewa lazima turudi nyuma kidogo, hadi kwa swali la nani aliwafunza mawakili wetu.

Enzi za mkoloni, Mwafrika wa Kenya akitaka uwakili alivuka bahari. Argwings-Kodhek, wakili wetu wa kwanza Mwafrika, alisomea Uingereza akarudi kutetea washukiwa wa Mau Mau. Mwaka wa 1961 kamati ya Lord Denning ilipendekeza sheria ifundishwe hapa Afrika. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam. Kenya School of Law ikafuata 1963, na Nairobi ikapata kitivo chake 1970.

Kitu kimoja hakikubadilika: uwakili bado unaiva ofisini. Ukishapata digrii, kuna masomo ya Kenya School of Law, halafu miezi 6 ya pupileji chini ya wakili mwenye uzoefu. Hapo ndipo unashika faili ya ukweli. Ila unashika zile zilizoko kwa ofisi iliyokukubali, na mawakili wengi wako Nairobi.

Sasa rudi sokoni. Baada ya uhuru, mashamba yalipopimwa na kusajiliwa kwa majina ya watu, ardhi ya masoko ilibaki mikononi mwa kanjo. Kanjo ikakaa kikao, ikagawa ploti, ikatoa barua. Mwenye barua akajenga, akalipa ada. 1989 Nyamira ikatengwa na Kisii, ikawa wilaya. 2013 kaunti zikarithi kazi ya kanjo. Ofisi zikabadilisha majina, mwenye duka akabaki na karatasi ile ile.

Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha vile ardhi ya umma iligawiwa kiholela nchi nzima, na mawakili walikuwa miongoni mwa waliosaidia. Kisha Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ikasema barua ya kugawiwa ardhi si umiliki. Ni ofa tu, mpaka utimize masharti yake na usajiliwe.

Kwa mama aliyerithi duka la bati na barua ya marehemu mzee, hukumu hiyo si habari ya Nairobi. Ni karo ya watoto. Anahitaji mtu wa kufukua kumbukumbu za kikao, kukagua kama ada zililipwa, kufuatilia upimaji na lisi. Kazi hiyo huwezi kuikariri darasani. Unaijua kwa kukaa na rejista za ploti.

Mimi niliacha chuo, joho silitafuti. Lakini naona miezi 6 ni mirefu ya kutosha kutenga hata mmoja kwa ofisi ya sheria ya kaunti, Nyamira ikiwemo. Tuliacha kuvuka bahari kutafuta sheria. Isiwe sasa mtu wa Kebirigo lazima apande matatu hadi Nairobi ndio apate wakili anayejua kusoma barua yake.