Taco za Mchungaji, na Somo Nililofundisha Vibaya

Najua nimepotea, mazoezi ya kufundisha yamenibana mpaka kufua nguo imekuwa sikukuu. Leo Jumapili nimetulia bwenini, nje theluji ya Chicago inamwagika, basi ngoja niwape stori ya taco. Kabla hamjaanza kucheka: naandika kwa c na itabaki kwa c. Mnajua wenyewe kwa nini.

Taco yangu ya kwanza nilikula kantini ya hapa kampasi, wiki ile ile niliyofika. Ganda gumu la njano limekunjwa kama kitabu, ndani nyama ya kusaga, majani ya saladi na jibini. Kuuma mara moja tu likapasuka, nyama yote mapajani. Nikajifuta, nikajisemea haya, chakula cha Meksiko ndicho hiki, nimeshakijua. Na kwa miaka miwili nikabaki na elimu hiyo hiyo.

Mwezi uliopita nikawa mbele ya watoto wa miaka kumi na moja, somo la historia, mada uhamiaji. Nikataka kuwachangamsha. Nikawaambia Wameksiko walipohamia Marekani walikuja na taco zao, nikachora ubaoni lile ganda gumu. Dogo mmoja ambaye wazazi wake wametoka Puebla akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu hajawahi kupika hiyo." Kimya. Kule nyuma msimamizi wangu anaandika tu. Jasho la mgongoni wakati nje kuna barafu, jamani, msiombe.

Jioni nikakimbilia maktaba. Kumbe dogo alikuwa sahihi. Mji wa San Bernardino, California, kuna mgahawa wa familia ya Kimeksiko unaitwa Mitla Cafe, ulifunguliwa 1937, ukiuza taco za kukaanga. Ng'ambo ya barabara alikuwapo Glen Bell na kibanda chake cha vitafunwa. Akawa anavuka kwenda kula, akatazama zinavyotengenezwa, akajifunza, na mwaka 1962 akafungua Taco Bell ya kwanza huko Downey. Watu wengi wanadhani ganda la kukaangwa tayari ni ubunifu wake. Lakini mwaka 1950 Juvencio Maldonado, mzaliwa wa Oaxaca aliyekuwa na mgahawa New York, alishapata hataza ya kifaa cha kukaangia tortila zikiwa zimekunjwa. Kwa hiyo ganda lile ni la Wameksiko pia, ila wa upande huu wa mpaka. Mimi nililivusha mpaka kinyumenyume.

Hata jina lenyewe si la kale kama nilivyodhani. Mwanahistoria Jeffrey Pilcher, aliyetoa kitabu Planet Taco mwaka 2012, anaona huenda limetoka kwenye migodi ya fedha, ambako wachimbaji walifunga baruti kwenye karatasi na kuchomeka kwenye mwamba. Kifurushi hicho kiliitwa taco. Ukila taco yenye pilipili ya kweli hutabisha.

Jumamosi iliyofuata mwenzangu wa chumba, ambaye kwao ni Pilsen, akanihurumia akanipeleka mtaani kwao. Pilsen ni jina lililoachwa na wahamiaji Wacheki, lakini sasa Mtaa wa 18 unanukia nyama na mahindi. Tukaanza na carnitas, nguruwe aliyeiva taratibu kwenye mafuta yake mwenyewe, halafu ya ulimi wa ng'ombe. Ulimi! Laini kuliko nyama yoyote niliyokula nchi hii. Nikakumbuka supu ya kichwa ya nyumbani nikanyamaza dakika nzima.

Kisha mwenzangu akasema sasa tule "al pastor", maana yake kwa mtindo wa mchungaji. Nikauliza, mchungaji wa kanisa gani? Akacheka mpaka akakaa chini. Ni mchungaji wa mifugo. Nikageuka nikaona nyama imepangwa kwenye chuma kilichosimama wima, inazunguka motoni, jamaa anaichonga kwa kisu kirefu. Wadau, ile ni shawarma! Shawarma kabisa ya usiku Dar, ila ya nguruwe, nyekundu kwa pilipili, na kipande cha nanasi juu.

Na si kufanana tu. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 watu wa Lebanoni na Syria walihama kutoka Dola ya Osmania, wengine wakaishia Meksiko. Puebla wakauza nyama ya kuzungusha ndani ya mkate wao, ikaitwa "taco za Kiarabu". Baadaye huko Mexico City kondoo akawa nguruwe, mkate ukawa tortila. Jina la mchungaji likabaki wakati kondoo ameshaondoka. Yule dogo ni wa Puebla. Yaani uhamiaji niliotaka kuufundisha ulikuwa umekaa kwenye dawati la tatu, mimi nachora ganda.

Lakini kilichoninyima usingizi ni tortila yenyewe. Mama wa mwenzangu (nusura nimwambie shikamoo) alinionyesha jikoni kwake. Mahindi yanachemshwa kwenye maji ya chokaa, yanalala humo usiku kucha, maganda yanatoka, ndipo yanasagwa. Jaribu kutengeneza chapati kwa unga wa sembe uone utakavyomeguka. Huu haumeguki, chokaa imeufanya ushikamane. Tena inafungua vitamini B3 ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri kwenye mahindi makavu. Wenyeji wa kule, walioanza kulima mahindi kutoka jani la porini miaka kama 9,000 iliyopita, waligundua njia hiyo zamani sana.

Mahindi yakavuka bahari, chokaa haikuvuka. Waitalia wakayaita nafaka ya Kituruki, sisi tukayapa jina la Uhindi, hakuna aliyeuliza yalipotoka yanapikwaje. Maskini waliokula mahindi karibu matupu wakapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo. Ilitesa Hispania, Italia, na kusini mwa Marekani hii hii, ambako Dk. Joseph Goldberger kuanzia 1914 alihangaika kuonyesha kwamba tatizo ni lishe wala si vijidudu. Tusidhani ni ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua zaidi ya 18,000, karanga zilipokatika kwenye mgao wao. Karanga! Kumbe bibi yangu Iringa akisisitiza ugali usiliwe bila maharage au karanga, hakuwa anatupangia tu mboga.

Na wakati watu wanakufa kwa kukosa maarifa haya, huko huko Meksiko mwaka 1899 msomi Francisco Bulnes aliandika kwamba mahindi ndiyo yaliyowarudisha nyuma Wahindi Wekundu, wangekula ngano wangeendelea. Msomi huyo! Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Jumatano nikarudi darasani. Nikafuta ratiba yangu, nikakiri mbele yao kwamba nilikosea, nikamwomba dogo atueleze bibi yake anapikaje. Akaanza kwa aibu, akafika kwenye chokaa, watoto wakapiga kelele kwamba chokaa ni ya kupaka ukuta, akawajibu kama profesa. Dakika ishirini. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake.

Msimamizi bado hajarudisha alama zangu. Theluji imeacha, kantini inafungwa saa moja, na harufu inaniambia leo ni zile za ganda gumu. Nitakula, ila nakwenda na tishu nyingi.