Maji ya Mfereji na Visima vya Kisiwani

Leo tuanze na visima, maana hapa kisiwani Mombasa habari ya maji ilianzia huko.

Kabla ya mfereji, watu wa Mji wa Kale walichota visimani. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, yenye matundu matundu. Maji ya mvua hupenya upesi, na ya shimo la choo hupenya vivyo hivyo. Choo na kisima vikiwa karibu, uchafu wa huku hufika kule, na maji bado yanang'aa. Macho hayaoni bakteria. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, daktari James Christie aliyekuwa huko alifuatilia njia zake, na mwaka 1876 akatoa kitabu. Kidudu chenyewe kilikuja kuthibitishwa na Robert Koch wa Ujerumani miaka ya 1883 na 1884.

Mwaka 1957 bomba la kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, lilifika Mombasa, mwendo wa kilomita zaidi ya 200. Baadaye yakaongezwa maji ya Baricho, kando ya mto Sabaki. Ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na mvua za El Niño za 1997 zilipofurisha vyoo na visima, kikasambaa tena nchini.

Basi uchafu huingilia wapi? Mara nyingi ni njiani, na ndani ya nyumba zetu wenyewe. Huku Mwembe Tayari mfereji ukikauka siku mbili tatu, bomba hubaki bila nguvu. Likiwa limepasuka ndani ya mtaro, hufyonza maji machafu. Kwa hiyo maji yakirudi, ya mwanzo yakinge ya kuoshea sakafu, usimpe mtoto. Ya mkokoteni nayo, muulize muuzaji ameyachota wapi. Akikujibu au asikujibu, yachemshe mpaka yatokote, au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje dakika 30.

Bibi zetu walitundika kata ukutani, mpini mrefu, mkono usiguse maji ya mtungi. Hawakuwa na hadubini, lakini walituzidi sisi tunaotumbukiza kikombe na vidole vyake. Kosa lingine liko chooni: kopo linalala sakafuni, kisha linazamishwa katika pipa lile lile la kuogea mtoto. Tenga kopo la choo, na pipa lifunike. Na mavi ya mtoto mchanga yana vijidudu kama ya mtu mzima. Yatupe chooni, unawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Mtoto akishaanza kuharisha, usimkatize ziwa. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, kidogo kidogo, kila mara. Macho yakididimia, au akishindwa kunywa, usingoje asubuhi, mkimbize hospitali.